Uzito Si Siha

Katika Choma cha Nkola, wilayani Igunga, kama katika vijiji vingine vya mkoa wa Tabora, mtoto mchanga hupelekwa kliniki kila mwezi, akatundikwa katika mizani, nukta ya uzito wake ikatiwa katika kadi, na mama akiiona nukta hiyo imeangukia penye rangi ya kijani hurudi nyumbani na moyo mkunjufu. Walakini mtoto huyo akitimiza miaka 5, kadi ile huwekwa sandukuni pamoja na vyeti vingine vya nyumba, na tangu siku hiyo mpaka atakapokuwa mtu mzima aghalabu hapatikani tena mtu wa kuuliza mwili wake unakuaje, ila awe ameugua. Katika muda huo wa miaka zaidi ya kumi, ambao ndani yake mifupa hurefuka, misuli hujengwa, msichana huvunja ungo na mvulana hubaleghe, sehemu kubwa ya siha ya umri wake wote huwa imekwisha kuamuliwa bila ya shahidi. Nasema, basi, kwamba tumeacha kumpima mtoto mapema mno, na kwamba hata katika miaka michache tunayompima tumeridhika na kitu kimoja, uzito, ambacho peke yake hakitoshi kutujulisha hali yake.

Uzito ni jumla ya vitu vingi: mifupa, misuli, maji, viungo vya ndani na mafuta, na vitu hivyo havina kazi moja wala athari moja. Mkulima wa pamba wa Igunga hahitaji kufundishwa jambo hili, maana ajua kwamba karani wa ghala haliamini gunia kwa sababu limeivuta mizani, bali hutia mkono ndani aone kama ni pamba tupu au ni pamba iliyochanganywa na maji na mchanga. Watoto wawili wa darasa moja, wenye urefu sawa na kilo sawa, waweza kuwa mmoja amejaa misuli na mwingine ana mafuta yaliyojificha tumboni juu ya misuli haba, na daftari la uzito likawaandika kuwa hali zao ni moja.

Najua kwamba maneno haya hayapatani na mapenzi ya watu wetu. Mtoto mnene husifiwa sokoni na harusini, mashavu yake hufinywa, na mama yake hupewa hongera kwa kumtunza; mwembamba huulizwa kama nyumbani kwao kunapikwa. Mapenzi haya ya unene hayakutokana na ujinga, na mtu mwenye insafu hatawacheka wazee walioturithisha, kwa kuwa walizaliwa katika nchi ambayo mvua ikikosa mwaka mmoja mtama haukufikia mavuno yaliyofuata, na mwili uliojaa ulikuwa akiba inayoonekana kwa macho. Kisha, katika miaka ya 1980, ukaja ukimwi, ambao huko Rakai, Uganda, watu waliuita Slim kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa, na jina hilo likaingia katika jarida la matabibu la Lancet mwaka 1985. Tangu hapo kukonda kukawa tuhuma, na mtu aliyepungua mwili, hata kwa hiari yake, akalazimika kujieleza kwa majirani. Watu waliozika ndugu zao wakiwa mifupa mitupu hawalaumiki wakimshukuru Mungu kwa mtoto mnene.

Wataalamu nao wana mapenzi yao. Kipimo kinachotumika duniani kote, cha kuzigawa kilo za mtu kwa mita za urefu wake zilizozidishwa kwa zenyewe, asili yake ni Adolphe Quetelet, mwanahesabu wa Ubelgiji wa miaka ya 1830, ambaye alikuwa akimtafuta binadamu wa wastani na wala hakuwa akimtafutia dawa mgonjwa yeyote. Naye Ancel Keys wa Marekani akakifufua mwaka 1972 na kukipa jina linalotumika leo, yaani BMI, akikusudia kitumike kwa hesabu za makundi ya watu. Kwa watoto hulinganishwa na umri, kwa kufuata majedwali ya Shirika la Afya Duniani: ya mwaka 2006 kwa walio chini ya miaka 5, yaliyotokana na kupimwa kwa watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Marekani na Oman, na ya mwaka 2007 kwa wenye miaka 5 hata 19. Ni kipimo chepesi, cha gharama ndogo, na mimi si katika wanaotaka kitupwe. Lakini mwaka 2004 matabibu wawili, Yajnik wa Pune huko India na John Yudkin wa London, walipigwa picha wakiwa wamesimama pamoja, na picha hiyo ikachapishwa katika Lancet kwa sababu kipimo cha kila mmoja wao kilikuwa 22.3, yaani sawasawa kabisa, hali mafuta ya mwili wa Yudkin yalikuwa asilimia 9.1 na ya Yajnik asilimia 21.2. Kwa mizani walikuwa pacha. Kwa batini, mmoja alikuwa na mafuta zaidi ya maradufu ya mwenzake.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Wahindi na Waingereza. Basi na atazame yaliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, juu ya watoto zaidi ya 1,500 wenye umri wa miaka 8 hata 11 katika nchi 8 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo. Watoto hao walipimwa uzito na urefu kama ilivyo desturi, kisha wakanyweshwa maji kidogo yenye hidrojeni nzito, ambayo haina mnururisho wala madhara, na baada ya saa chache mate yao yakachukuliwa ili ijulikane maji yale yamechanganyika na maji kiasi gani mwilini. Na kwa kuwa mafuta hayashiki maji, ilhali sehemu ya mwili isiyo mafuta karibu robo tatu yake ni maji, mtu ajuaye hesabu huweza kupata kutoka katika mate hayo kilo za mafuta na kilo za visivyo mafuta. Kipimo cha uzito na urefu kiliwaona wenye kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia, kuwa hawafiki 9 katika kila watoto 100. Kipimo cha maji kiliwaona 29. Maana yake ni kwamba katika kila watoto watatu waliokuwa na mafuta yaliyopita kiasi, wawili walipita mbele ya mizani na kuhesabiwa wazima.

Tofauti ya mafuta na misuli haitafutwi kwa ajili ya urembo. Mtu akila, sukari ya chakula huingia katika damu, kongosho hutoa insulini, na kwa amri ya insulini sukari hiyo huondolewa katika damu na kupelekwa mahali pa kuhifadhiwa au kutumiwa, na mahali pakubwa kuliko pote ni misuli. Kwa hiyo mtoto mwenye misuli michache ana pa kuiweka sukari padogo, hata kama ni mwembamba na nguo zake zinamlegea. Mafuta yaliyo chini ya ngozi, ya mapajani hasa, hayana madhara makubwa, na kwa msichana yana kazi yake ya lazima. Yenye fitina ni yale yanayozunguka utumbo na kupenya katika ini, kwa sababu ini lililoingiwa na mafuta huacha kuitii insulini, likaendelea kumwaga sukari katika damu iliyokwisha kuwa nayo ya kutosha, na kongosho likalazimika kutoa insulini zaidi na zaidi. Zaidi ya hayo, wakati wa kubaleghe kila mwili, hata wa mtoto mzima wa afya, hupunguza utii wake kwa insulini kwa muda wa miaka kadhaa, kisha ukarejea. Mtoto anayeingia katika mlango huo akiwa na ini safi na misuli ya kutosha huupita bila ya kujua. Anayeingia na mafuta tumboni na misuli haba aweza asirejee.

Sasa, je, mambo haya yanamhusu vipi mtoto wa Choma, ambaye taabu yake, kwa fikira za wengi, ni kukosa na wala si kuzidiwa? Yanamhusu sana, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, kwa maana njaa ya utotoni na unene wa ujanani si maadui wawili wanaokaa nchi mbalimbali, bali mara nyingi ni mambo mawili yanayoufika mwili ule ule kwa zamu.

Yajnik huyo huyo, tangu mwaka 1993, aliwafuata wanawake wa vijiji vilivyo karibu na Pune, akapima watoto wao walipozaliwa na kuwalinganisha na watoto wa Southampton, Uingereza. Watoto wa Pune walikuwa na wastani wa kilo 2.7 na wale wa Southampton kilo 3.5, lakini upungufu ule haukuchukua sehemu zote kwa usawa, bali ulikula misuli na viungo vya tumbo, na mafuta ya mgongoni chini ya ngozi yakabaki karibu kama ya watoto wa Kiingereza. Tumbo la mama lililopungukiwa huhifadhi mafuta kwa ajili ya ubongo na siku za dhiki, na huitoa misuli iwe fidia. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, katika mji wa Jimma, Ethiopia, tangu mwaka 2008 watoto wachanga wamepimwa kwa chombo kinachojua mafuta ya mwili kwa hewa inayosukumwa na mtoto aliyelazwa ndani yake, kisha wakafuatwa miaka mingi. Na moja katika mambo yaliyodhihiri ni kwamba ukubwa wa sehemu isiyo mafuta wakati wa kuzaliwa ndio uliofungamana na maendeleo mema ya mtoto baadaye, wala si wingi wa mafuta.

Mtoto aliyezaliwa na misuli haba kisha akapatwa na udumavu, yaani akawa mfupi kuliko umri wake kwa lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, huingia shuleni na mwili uliojifunza kubana matumizi. Huko São Paulo, Brazil, katika mitaa ya mafukara, watafiti Hoffman na Sawaya na wenzao walionyesha mwaka 2000 kwamba watoto wadumavu huchoma mafuta kidogo kuliko wenzao warefu wa mitaa ile ile, ambayo ni sawa na kusema kwamba mafuta wanayoyala yana njia fupi ya kufika akibani. Mtoto mdumavu wa kwetu akikaa kijijini akila alivyozoea, hakuna mtu atakayeona dalili. Akienda mjini Tabora, Mwanza au Dar es Salaam kutafuta riziki, akapata kazi ya kukaa kitako na chakula cha mafuta na sukari, kiuno chake hutangulia kabla ya mali yake.

Hesabu za nchi zinaonyesha mambo haya mawili yakienda pamoja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwaona watoto wadumavu kuwa asilimia 30 ya walio chini ya miaka 5, kutoka karibu nusu yao mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini utafiti ule ule uliona kwamba wanawake wenye uzito uliozidi au kiribatumbo wamefika asilimia 36, kutoka 28 za mwaka 2015 na 2016. Na baadhi ya wanawake hao huenda ndio waliokuwa watoto wadumavu wa zamani. Na mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walipotangaza uchunguzi wao wa watu 6,299 wa vijiji 6 vya Tanzania, walipata kisukari kisichofika hata asilimia 1. Mwaka 2012, uchunguzi wa taifa wa watu wa miaka 25 hata 64 ukapata zaidi ya asilimia 9. Uchunguzi huu na ule haulinganiki sawasawa, kwa kuwa wa kwanza ulikuwa wa mashambani na ulianzia vijana wa miaka 15, wala sitaki kuutumia kuwatisha watu. Hata ukipunguza kwa insafu yote, umbali uliobaki ni mkubwa.

Tena kisukari chenyewe hakimngoji mtu anenepe. Watafiti wa kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), mji ambao watu wa Igunga huuendea kwa biashara na matibabu, wamewachunguza watu wazima wa kaskazini magharibi ya Tanzania, wakaona kwamba kwao kasoro iliyotangulia aghalabu ni kongosho lisilotoa insulini ya kutosha, kuliko mwili kukataa kuitii. Na mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakubali kukiita kisukari kinachofungamana na utapiamlo kuwa ni aina ya tano. Kwa hiyo yule mtu mwembamba wa Choma anayekojoa mara kwa mara usiku, akaambiwa na jirani zake kwamba kisukari ni cha matajiri wenye vitambi, anaambiwa jambo linaloweza kumwua.

Hapa husimama mtu akasema kwamba dawa ya yote ni kutembea, kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu na wazee wetu walifika pwani kwa miguu. Ni kweli kwamba walifika. Burton, msafiri wa Kiingereza aliyeingia Kazeh, penye Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, aliandika kwamba wavulana wa Kinyamwezi walianza kuizoea kazi ya upagazi wangali wadogo, kwa kuchukua begani pembe ndogo ya ndovu. Na mpagazi mkamilifu alibeba kiasi cha frasila mbili, ambazo ni kilo zipatazo 32, kwa posho ya kibaba cha nafaka kwa siku, katika safari ya miezi mitatu hivi. Sijui mtu mwenye akili anayetamani mwanawe arejezwe katika kazi hiyo, na miili iliyolala kando ya njia ile haikuhesabiwa. Lakini hata tukiiacha huruma kando, hoja yenyewe ina ufa. Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao wangali wakiwinda na kuchimba mizizi, walipimwa na mtafiti Herman Pontzer na wenzake kwa maji ya jamii ya yale niliyoyataja, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalishangaza watu wengi: ijapokuwa hutembea sana kuliko Wamarekani, nguvu wanazotumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, hazikuzidi za Wamarekani wanaokaa vitini. Mwili unaotaabika huweka akiba kwingine. Mwendo hujenga misuli na mifupa na moyo, na kwa sababu hiyo mtoto anauhitaji kila siku. Lakini haufuti chupa ya soda, na mtoto wa Choma anayekwenda shule kwa miguu na kurudi na dumu la maji kichwani hakosi mwendo. Anachokikosa ni kitu cha kujengea.

Nacho kilikuwapo. Nchi ya Unyamwezi na Usukuma haikuwa na umaskini wa vyakula kama inavyodhaniwa na watu wanaopita barabarani: mtama na uwele, kunde na karanga, njugu mawe, nsansa za majani ya kunde yaliyokaushwa, mlenda, maziwa ya mgando, uyoga wa msitu wa miombo, asali, na michembe ya viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa kwa ajili ya miezi ya kiangazi. Leo katika nyumba nyingi vimebakia viwili, sembe iliyokobolewa hata ikawa nyeupe kama chokaa, na mboga ya kuutelezesha ugali, na mtoto hujazwa tumbo mara mbili kwa siku bila ya kupata protini ya kutosha. Mzazi humpa shilingi za kununua maandazi na krips langoni mwa shule, na mwenye uwezo humwongezea soda, ambayo chupa yake ya mililita 350 aghalabu ina sukari ya gramu 35 au zaidi, yaani vijiko vya chai vinane au tisa, na hiyo kwa mtoto wa shule ya msingi yakaribia kumaliza kiwango cha juu cha siku nzima kinachoruhusiwa na Shirika la Afya Duniani, kabla hajatia sukari katika chai. Chipsi mayai zimefika mpaka magulioni. Simlaumu muuzaji, ambaye anatafuta riziki. Wala simlaumu mtoto, kwa kuwa vitu hivyo ni vitamu. Namlaumu mtu mzima aliyeona aibu kumpa mwanawe karanga na michembe akidhani ni chakula cha kimaskini.

Msichana ana haki ya neno lake peke yake. Kati ya miaka 10 na 16 mwili wake hutaka chuma, protini na maziwa kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake ila ujauzito, na huo ndio wakati ambao katika nyumba nyingi hula baada ya wengine na kuamka kabla yao. Utafiti wa mwaka 2022 uliona kwamba wasichana 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hata 19 walikwisha kupata mimba. Mama ambaye mwenyewe angali akirefuka hugombea chakula na kijusi chake, na aghalabu mtoto huzaliwa mdogo, mwenye misuli haba na mafuta yaliyohifadhiwa, kama wale wa Pune. Serikali ikitaka kujua kisukari cha mwaka 2070 kitakuwaje, itazame sahani ya msichana wa darasa la saba leo.

Linalonisikitisha ni kwamba fedha na sheria zetu zimeuchora mpaka pale pale ilipofungwa kadi ya kliniki. Katika mikataba ya lishe iliyoanza kutiwa sahihi na wakuu wa mikoa mwishoni mwa mwaka 2017, halmashauri zilitakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5, na ilikuwa hatua njema, kwa kuwa siku 1,000 za kwanza hazina badala. Lakini huko São Paulo watoto wadumavu waliotunzwa vema wakarefuka walionekana kuwa na miili iliyoundwa kama ya wenzao, na hilo ni burhani kwamba mlango haujafungwa kwa kufuli siku mtoto anapotimiza umri fulani. Na miaka ya kubaleghe, ambayo mwili hurefuka kwa kasi kuliko wakati wowote tangu uchanga, ni mlango wa pili. Mwaka 2025 UNICEF ilitangaza kwamba duniani kwa jumla, katika watoto wa miaka 5 hata 19, wenye kiribatumbo wamewapita wenye uzito pungufu kwa mara ya kwanza, isipokuwa katika Afrika kusini ya Sahara na Asia ya Kusini. Sisi tungali upande wa pili wa mstari huo. Ni fursa, wala haitakaa miaka mingi.

Kwa hiyo naomba kitu kidogo. Kila shule ya msingi na sekondari ipime wanafunzi wake mara moja kwa mwaka, urefu na uzito na kiuno, na kuandika. Kwa kiuno hapahitajiki chombo cha Ulaya: uzi hupimwa kwa urefu wa mtoto kutoka utosini mpaka kisigino, hukunjwa katikati, na nusu hiyo huzungushwa kiunoni; ncha zake zikikutana, mafuta ya ndani hayajapita kiasi; zisipokutana, mtoto huyo apelekwe kwa tabibu. Wenye elimu watasema kwamba mtoto mdumavu kwa ufupi wake aweza kuonekana ana kiuno kikubwa kuliko haki yake, na ni kweli, ndiyo sababu nikataka urefu uandikwe pia, na mtoto aliye mfupi kuliko umri wake asomwe kwa uangalifu. Upimaji ufanywe faraghani, mmoja mmoja, na mwalimu atakayemwita mtoto bonge au kimbaombao mbele ya wenzake aadhibiwe, kwa kuwa mtoto aliyeaibishwa hujificha na kula kwa siri, au huacha kula.

Nani atasema kwamba daftari halina faida? Mwaka 1911 mkaguzi wa wakunga wa Hertfordshire, Uingereza, Bibi Ethel Margaret Burnside, aliwaagiza wauguzi wake waandike uzito wa kila mtoto alipozaliwa na alipotimiza mwaka mmoja, wala hakuwa na nia ya kuvumbua chochote ila kuwatunza wale watoto. Vitabu vile vilikaa zaidi ya nusu karne, hata tabibu David Barker akavifungua katika miaka ya 1980, akawatafuta wanaume wenyewe walio hai na waliokufa, na kutoka hapo dunia ikajua kwamba waliokuwa na uzito mdogo uchangani ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Na sisi wenyewe hatukosi asili. Mwaka 1973 Watanzania wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka ule ule Taasisi ya Chakula na Lishe ikaundwa kwa sheria; mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai; na katika miaka ya 1980 wanavijiji wa Iringa waliwapima watoto wao kwa mikono yao, wakakaa barazani kujadili kwa nini wa fulani amepungua, mpaka wageni wakaja kutoka nchi za mbali kujifunza kwao. Sioni kwa nini lililowezekana Iringa kwa watoto wadogo lishindikane Igunga kwa watoto wa shule.

Na shule inayopima sharti ilishe, ama sivyo itakuwa imehesabu njaa tu. Wazazi wa Choma wamekwisha kuchanga mahindi ya uji mara nyingi. Wakiambiwa wachange pia debe moja la karanga au kunde baada ya mavuno, na shule ikapanda mlenda na mchicha mahali panapomwagwa maji ya kunawia, uji ule utakuwa chakula. Soda na krips ziondolewe langoni wakati wa masomo, na muuzaji apewe nafasi hiyo hiyo ya kuuza matobolwa ya viazi vitamu, maembe na mayai ya kuchemsha. Wilaya ina afisa lishe wake. Mkurugenzi wa halmashauri akiuliza fedha za kuanzia zitoke wapi, ajibiwe kwamba daftari la mahudhurio lipo tayari na lina nafasi pembeni, uzi wauzwa katika kila duka la nguo la Choma, na shule hufunguliwa Januari.